Msiba utawekwa wapi? Nyumba ya uani na ghorofa katika Dar es Salaam

Mzee wetu mmoja alifariki alfajiri, ghorofa ya tano ya jengo moja la Kariakoo alikokuwa akiishi na mwanawe. Kufikia saa mbili asubuhi wanaume tulikuwa tumejaa kwenye maegesho ya chini, tumesimama kati ya magari kama watu walioachwa na basi. Lifti ilikuwa ndogo, machela haikuingia ikiwa imelala, na hakuna aliyekuwa tayari kuona maiti imesimamishwa. Vijana sita wakamshusha kwa ngazi, kona baada ya kona, wapangaji wengine wakijibana ukutani na ndoo zao ili kuwapisha. Chini, mlinzi alikuwa akiuliza kwa adabu ni nani ameruhusu turubai, maana kila nafasi ya kuegesha ina mwenyewe anayeilipia. Haikufika saa nne, shangazi akakata shauri: msiba uhamie kwake, Temeke.

Kwa shangazi ni nyumba ya vyumba sita, paa la bati, baraza mbele na uani nyuma. Ndani ya saa moja turubai lilikuwa limefungwa barabarani, majamvi yametandikwa, masufuria yako mafigani, wanawake ndani, wanaume nje, na mjumbe wa mtaa amekaa pembeni na daftari la rambirambi. Wapita njia walibadilisha njia bila kuambiwa. Jirani wa kulia alitoa viti, wa kushoto alitoa maji na choo. Tulikaa pale hadi hitma.

Tangu siku hiyo kila nikipita chini ya ghorofa jipya najikuta nauliza swali lile lile: hapa msiba utawekwa wapi? Si swali la huzuni. Ni swali la ramani, na kila ninapolifuata naona kwamba maghorofa mengi ya Dar es Salaam yanaishi kwa mkopo. Yamekopa uani kwa nyumba za chini zilizoko Temeke, Buguruni, Tandika na Mbagala. Harusi, msiba, ngoma, mgonjwa aliyeletwa kutoka mkoani, mtoto wa ndugu anayetafuta kazi: vyote hivyo ghorofa linavipeleka huko. Na nyumba za huko nazo zinabomolewa, moja moja, ili kupisha maghorofa.

Kwa asiyeijua, nyumba ninayoizungumzia ina umbo rahisi sana. Mlango wa mbele uko katikati, na unafungukia ukumbi mrefu unaopasua nyumba hadi nyuma. Kila upande wa ukumbi una vyumba vitatu. Ukitoka mlango wa nyuma unaingia uani: jiko, choo, bafu, stoo, kamba za kuanikia, labda mwembe au mpapai. Mbele kuna baraza. Zamani kuta zilikuwa za fito na udongo na paa la makuti, kisha bati likaja, kisha matofali ya saruji, lakini ramani haikubadilika. Iliondoka pwani ikafuata njia za biashara na reli hadi Tabora na Ujiji, ikavuka mipaka: ukienda Buyenzi mjini Bujumbura au Majengo ya Pumwani, Nairobi, utaikuta.

Wengi wanaoitetea huiita nyumba ya utamaduni, na hapo ndipo wanapoanza kuteleza, maana wanaitazama kama kanga au kama taarabu. Nguvu yake ya kwanza ni ya fedha. Ni nyumba inayojengwa kwa vipande: unaanza na vyumba viwili, unahamia, unapangisha kimoja, kodi yake inanunua bati la vyumba vinavyofuata. Ni nyumba inayopangishwa chumba kimoja kimoja, kwa hiyo mtu mwenye kipato cha kubangaiza anapata pa kulala katikati ya mji, na mama mjane mwenye nyumba anapata pensheni ambayo hakuna mfuko wowote uliomwahidi. Wanawake wengi wa pwani walijijengea uhuru wao hivyo. Na mwenye nyumba akifa, warithi sita wanaweza kugawana vyumba sita, au kodi ya vyumba sita, kabla ya kuanza kugombana.

Nguvu ya pili ndiyo ile ya kijamii ambayo kila mtu huisifia. Nyumba hii inapanga watu kwa hatua. Barabarani ni pa wote. Barazani ni pa jirani na mgeni asiyejulikana sana, na pa wazee wa kahawa na bao. Ukumbini ni pa aliyekaribishwa. Uani ni pa wanawake, watoto na wapangaji. Chumbani ni pa mwenyewe. Mgeni anajua asimame wapi bila kuambiwa. Siasa za nchi hii nazo zilipikwa katika mazingira hayo. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, ilizaliwa katika mtaa wa New Street, leo Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo iliyokuwa imejaa nyumba za aina hii, na habari zake zilisambaa baraza kwa baraza kabla ya kufika magazetini.

Basi upande mmoja wa mjadala umesimama hapo: tukibomoa nyumba hizi tunabomoa namna ya kuishi pamoja, tunawaweka watu kwenye masanduku yaliyochorwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wawili ambao hawana shangazi.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, na ningependa kuishia hapo. Lakini kuna mambo mawili hayaniruhusu.

La kwanza ni choo. Nyumba ya vyumba sita inaweza kubeba kaya sita, na kaya sita ni watu ishirini au thelathini kwenye shimo moja uani. Mji huu ulikuwa na watu wasiofika laki tatu katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Shimo lililochimbwa wakati ule halikuwahi kuambiwa habari hizo. Kila masika wakazi wa mabondeni wanalijua neno "kutapisha": mvua ikikaza, mtu anatoboa shimo lake usiku ili mkondo uchukue yaliyomo. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikaenea mikoani, hakikuuliza ni nani anathamini ujirani. Mtu anayesema nyumba ya uani ni utamaduni lazima aseme pia majitaka ya utamaduni huo yanakwenda wapi. Na jibu la kweli ni kwamba mtandao wa mabomba ya majitaka ni ghali mno kuutandaza chini ya mji uliolala chali kwa makumi ya kilomita. Mji ukisimama wima, bomba moja linahudumia watu wengi. Vivyo hivyo na maji, na hata basi la mwendokasi lililoanza kazi Mei 2016: linahitaji abiria walioko umbali wa kutembea, si waliotawanyika hadi Chanika.

La pili ni faragha, maana tunaoisifia zaidi nyumba hii barazani ni wanaume. Muulize mwanamke aliyepanga chumba kimoja kwa miaka kumi. Atakueleza habari za foleni ya bafu, ugomvi wa umeme wa LUKU, nani kapika nini, nani kaingia saa ngapi na nani kamsindikiza, kanga zilizonunuliwa makusudi ili jina lake lisomeke mgongoni mwa mwenzake. Macho yale yale yanayomlinda mtoto asipotee ndiyo yanayomhukumu binti aliyechelewa kazini. Jirani anayekuletea maji siku ya msiba ndiye anayesikia ukigombana na mumeo, kwa kuwa kuta za vyumba hazifiki juu na sauti inapita kwenye kenchi. Dada zangu wawili wanaishi kwenye maghorofa, na sijawahi kumsikia hata mmoja akisema amekumbuka uani. Wanakumbuka watu wa uani. Ni vitu viwili.

Lipo na la tatu, la kihistoria, ambalo watetezi hulipita haraka. Hiyo "uswahilini" tunayoitetea kama urithi, mipaka yake ilichorwa na nani? Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziligawa Dar es Salaam kwa aina ya jengo linaloruhusiwa: huku majengo ya Kizungu, kule majengo mengine, na kule mbali vibanda vya wenyeji. Waingereza wakaja wakaendeleza na kanda zao tatu. Maneno ya kanuni yalihusu vifaa na namna ya kujenga, matokeo yake yakawa rangi za watu: uzunguni, uhindini, uswahilini. Kati ya uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kama kizuizi cha magonjwa, kana kwamba mbu wangeogopa kuvuka nyasi. Hata jina la Kariakoo ni la kikoloni: ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na mwenyeji aliyepewa kiwanja huko alipewa haki ya muda mfupi, kwa masharti dhaifu. Nani atajenga kwa mawe juu ya ardhi anayoweza kunyang'anywa? Akajenga kwa fito, kisha akaambiwa fito ndio utamaduni wake.

Ukitaka ushahidi kwamba kulala chini si asili ya Mswahili, panda boti uende Unguja au Lamu. Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu, vyote viwili kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000 na 2001, ni miji ya maghorofa, iliyobanana kuliko mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyopimwa na serikali. Nyumba ya mawe ya Lamu inapanda ghorofa mbili au tatu na bado inamhifadhi mtu kwa hatua: daka mlangoni, tekani, yaani kipito chenye kona ili jicho la mpita njia lisifike ndani, kiwanda, yaani ua wa katikati unaoingiza mwanga na hewa, kisha misana, vyumba virefu vya kukaa, kisha ndani, chumba cha faragha. Pale familia moja ilipojenga pande mbili za uchochoro, waliunganisha nyumba kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya njia, na wanawake wakatembeleana bila kushuka chini. Fundi aliyefanya hivyo hakuwa na shahada ya usanifu, lakini aliulizwa maswali sahihi na mwenye nyumba aliyekuwa akimlipa. Kweli, zilikuwa nyumba za matajiri, na wengine walikuwa na watumwa wa kuchota maji na kupanda nayo. Bado hoja ya kwamba "ghorofa si letu" inakufa pale pale.

Kwa hiyo mgogoro hauko kati ya chini na juu. Uko kwenye nani aliulizwa kabla ya kuchora.

Serikali zetu zilijaribu mara kadhaa, na kila jaribio lina funzo lake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, na katika muongo ule likabomoa vibanda na kujenga nyumba za saruji Magomeni, Ilala, Temeke na Kinondoni. Nyingi zilikuwa za chini na zilifuata mpangilio ambao mtu wa Kariakoo angeutambua. Tatizo halikuwa ramani, lilikuwa hesabu: ulibomoa nyumba moja ukajenga moja kwa fedha nyingi, na watu wakawa wamebaki pale pale kwa idadi huku wahamiaji wakimiminika. Miaka ya 1970 sera ikageuka. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja vyenye barabara na huduma Sinza, Kijitonyama, Mikocheni na kwingineko, mtu akajijengea mwenyewe, na Manzese ikaboreshwa bila kuvunjwa. Tazama Sinza leo: viwanja vidogo vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini vimebeba baa, hoteli, saluni na maghorofa. Mpango wenyewe haukushindwa. Ulifanikiwa hadi ukawahama waliolengwa.

Unguja walikwenda njia nyingine kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Rais Abeid Amani Karume alitaka Ng'ambo, upande uliodharauliwa wa mji, upate majengo ambayo hata Mji Mkongwe haukuwa nayo. Wajerumani Mashariki wakaleta ramani, na Michenzani yakasimama maghorofa marefu kama treni, yamepangwa msalaba kutoka mzunguko mmoja wa barabara. Wataalamu wengi wa usanifu wanayacheka. Wanasema ni Berlin iliyopotea njia. Nami nilikuwa nikiyacheka, hadi nilipokaa jioni chini ya moja ya majengo hayo. Pale chini pana kila kitu: kahawa, karata, vijiduka, watoto wa mpira, akina mama na sahani za maandazi, wazee wa siasa. Kwa kuwa majengo yaliachiwa nafasi kubwa kati yake, wakazi waliigeuza nafasi ile kuwa baraza na uani kwa pamoja. Sidhani mchoraji alilikusudia hilo. Lakini aliacha ardhi, na watu wakamalizia ramani.

Hapo ndipo naona tofauti na Kariakoo ya leo. Kariakoo haikubomolewa na serikali. Ilibomolewa na mirathi. Mzee aliacha nyumba ya vyumba sita, watoto tisa, wajukuu arobaini, na kiwanja ambacho biashara huria ya miaka ya 1990 ilikipandisha thamani kuliko nyumba yenyewe mara nyingi. Anakuja mwekezaji: toeni kiwanja, mimi natoa fedha, tunajenga ghorofa nane, nyinyi mnapata fremu kadhaa za maduka chini na nyumba mbili juu. Wanasaini. Sheria ya kumilikisha sehemu ya jengo ilipatikana mwaka 2008, basi hata hati inawezekana. Nani atawalaumu? Ni wenyeji wenyewe walioamua, kwa hesabu zao, na wasomi wanaolia kwamba urithi unapotea mara nyingi wanalilia Mikocheni, kwenye nyumba yenye ukuta na bustani.

Lakini jengo la namna hiyo linajazwa hadi mpaka wa kiwanja. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye uani kinabeba jengo lisilo na uani wala baraza, kwa sababu baraza imekuwa fremu na uani umekuwa fremu ya nyuma. Hakuna ardhi iliyoachwa kama Michenzani ili watu waje kumalizia. Madirisha ya jengo moja yanatazamana na ukuta wa lingine kwa umbali wa mkono, hewa haipiti, taa zinawaka mchana. Na haraka ya kupanda ina hatari yake. Machi 29, 2013 jengo la zaidi ya ghorofa 15 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka lingine, Kariakoo kwenyewe, watu wakiwa kazini asubuhi, na zaidi ya 20 wakafa. Huwezi kuyaweka hayo kwenye mzani wa "maendeleo" ukayasahau, ingawa ni haki kusema kosa hapo ni la ujenzi na usimamizi, si la urefu.

Mfano unaonichekesha, na kuniudhi, ni jengo la wamachinga lililojengwa Ilala, Machinga Complex, likakamilika mwanzoni mwa muongo uliopita. Nia ilikuwa njema: wafanyabiashara wadogo watolewe barabarani, wapewe ghorofa lenye vizimba. Wakapanda, wakakaa, wakashuka. Mmachinga anauza kwa jicho la mpita njia, na mpita njia wa Dar es Salaam hapandi ngazi kwenda kutafuta soksi. Lilikuwa jengo zima lililochorwa bila kumtazama mteja akitembea. Jirani yake si mbali sana kuna Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika wa nchi hii. Yeye alisimamisha miavuli mikubwa ya zege, akaacha pembeni wazi, hewa ikapita na mtu akaingia kutoka barabarani bila kuhisi ameingia mahali. Ni zege lile lile, mji ule ule, na pengo la miaka kama 35. Soko liliungua Julai 2021 na likafanyiwa ukarabati, na sijasikia mfanyabiashara yeyote akidai lihamishiwe kwenye sanduku.

Sasa nisikilize upande unaonipinga kwa hoja nzito kuliko zote, kwa kuwa nimeusikia kutoka kwa binamu yangu mwenyewe, mhandisi, nilipomwambia kila ghorofa liwe na nafasi ya msiba, baraza na roshani ya kupikia. Anasema hivi: zamani harusi zilifanyika nyumbani, uani, kwa siku saba. Leo zinafanyika ukumbini, kwa kadi na michango, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Msiba nao utahama. Misikiti ina mahali pa kuoshea maiti, makanisa yana kumbi, hospitali zina vyumba vya kuhifadhi. Kwa nini kila jengo la mji wa mamilioni libebe mzigo wa nafasi inayotumika mara moja kwa miaka mitatu, wakati kila mita ya mraba inaingia kwenye kodi ya mpangaji? Ukimtengenezea mtu baraza, anailipia baraza. Na jiko: wewe unataka roshani za kupikia mkaa, wakati taifa limejiwekea mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Unachora nyumba ya jana.

Kuhusu mkaa, nimekubali. Kuhusu harusi ana hoja, lakini harusi ina tarehe. Unaipanga miezi sita, unakusanya michango, unalipia ukumbi saa sita za usiku mmoja. Msiba hauna miadi. Unakuja usiku wa manane, unadumu siku tatu au zaidi, na unawahitaji hata wasio na kitu. Tukiuhamishia ukumbini tutakuwa tumeutia bei, na maskini wa ghorofani atazikwa kwa haraka kuliko maskini wa uani. Huo ni uamuzi ambao jamii inaweza kuufanya. Ninachokataa ni ufanywe na mchoro wa lifti.

Na gharama si kubwa kama binamu anavyodhani. Kanuni zetu za majengo tayari zinajua kuhesabu maegesho: jengo la ukubwa fulani, magari kadhaa. Maana yake mchoraji analazimishwa kuwaza gari litalala wapi. Kwa nini asilazimishwe kuwaza jeneza litapita wapi? Lifti moja yenye kina cha machela. Ngazi isiyo na kona ya kuvunja kiuno. Maegesho ya chini yawe na kifungu kwenye mkataba wa wapangaji kwamba msiba ukitokea, nusu yake inafunguliwa kwa siku tatu. Korido iwe ya nje, upande unaopokea upepo, pana kiasi cha kuweka kiti na bado mtu akapita. Wahindi wa uhindini walijenga hivyo zamani, duka chini na roshani juu, na majengo yao ya miaka ya kabla ya uhuru bado yana hewa kuliko mengi yaliyojengwa juzi kwa vioo vitupu. Na paa: katika mji huu wa jua na upepo wa kusi, tunaliachia paa matangi ya maji na minara ya simu.

Magomeni Kota ndipo nitakapoangalia. Familia 644 zilizokuwa kwenye kota za zamani ziliondolewa, nyumba zikavunjwa, zikasubiri miaka. Rais Magufuli aliagiza 2016 wajengewe, na Rais Samia akazindua maghorofa mapya Machi 2022. Ni jambo adimu katika historia ya miji yetu: waliobomolewa ndio waliorudi, tofauti na watu wa mabondeni ya Jangwani ambao baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walipelekwa Mabwepande, mbali na kila kibarua. Wapo majirani wale wale, sasa wamepangwa wima. Kama ujirani wa uani unaweza kupanda ngazi, utaonekana pale kwanza. Na kama hauwezi, itabidi sisi tunaoutetea tukubali kwamba ulikuwa ujirani wa choo kimoja zaidi ya tulivyokiri.

Kwa shangazi, Temeke, dalali ameshafika mara mbili. Mara ya pili alikuja na kijana mwenye kompyuta mpakato na mchoro wa rangi: ghorofa nane, fremu 12, vioo vya bluu, miti miwili ambayo haipo. Watoto wake walikuwa wameshakubaliana nusu. Shangazi alivaa miwani, akautazama muda mrefu, akauliza mlango wa uani uko wapi. Kijana akapeleka kidole juu kabisa ya mchoro, kwenye paa, akasema nguo zitaanikwa pale na akina mama wanaweza kukaa jioni. Shangazi akavua miwani.

"Na maji yanafika huko?"